Hayajajaribiwa au hayakujaribiwa?

Swali: Mimi na wenzangu hapa Mombasa tunaandika programu ya aljebra dhahania itakayotumika ndani ya GAP, mfumo wa kompyuta wa kukokotoa aljebra, na kazi zilizosalia tunaziweka katika orodha moja. Mwenzangu ameandika, "Makundi yenye elementi 768 hayakujaribiwa." (Kundi hapa ni la kihisabati: seti yenye kanuni ya kuunganisha elementi zake mbili kupata nyingine ya seti hiyohiyo, kwa masharti maalumu.) Mimi ningeandika "hayajajaribiwa". Je, kuna tofauti? Na kazi ianze kwa "rekebisha", "kurekebisha" au "irekebishwe"?

Jibu: Tofauti ipo, tena kubwa. Kiambishi -ku- katika "hayakujaribiwa" hukanusha -li-, kwa maana kwamba wakati wa kujaribu ulikuwapo ukapita, na jambo likaishia hapo. Kiambishi -ja- hukanusha -me-, na humwambia msomaji kwamba jambo bado linangojwa. Ukimuuliza mchuuzi wa samaki Mji wa Kale kama nguru wamefika, akikujibu "hawajafika" utajisogeza kivulini usubiri. Akisema "hawakufika" utarudi nyumbani na kikapu kitupu. Kazi mnayokusudia kuifanya, basi, iandikwe kwa -ja-.

Hata hivyo, umbo alilolitumia mwenzako lina mahali pake. Maktaba ya makundi madogo ya GAP, yaani hifadhi yake ya data, ina makundi yote yasiyozidi elementi 2000, isipokuwa yale ya elementi 1024, ambayo, hata yanayolingana kimuundo yakihesabiwa kuwa moja, yanapita bilioni 49. Hayo "hayakuingizwa", wala hakuna anayeyangoja. Mkiandika "hayajaingizwa", kijana aliyejiunga nanyi jana atadhani ni kazi yake ya wiki ijayo.

Katika swali la pili naegemea "kurekebisha". "Rekebisha" ni amri kwa mtu mmoja, ilhali orodha husomwa na wengi, wakiwamo waliowazidi umri, ambao kwa adabu za Pwani hawaamrishwi hivyo. "Irekebishwe" ina adabu, ila humficha mtendaji, na kila asomaye hudhani kuna mwingine atakayeirekebisha. "Kurekebisha" hutaja kazi tu. Akipatikana wa kuifanya, igeuzeni iwe "fulani arekebishe".

Nimefurahi, kwa njia, kwamba hakuna kati yenu aliyeandika "makundi hazijajaribiwa", kosa ambalo mjini hapa tunalisikia kila siku.