Kilo 80 mara bei 3000, mbona inaleta 808080?

Madogo wengi wa hapa Mtwara wanaojifunza kuprogramu wanaanza na hesabu za nyumbani, na nyumbani huku ni korosho, kwahiyo msimu ukifika wananitumia sana vijiprogramu vya kumpigia mzee hesabu kabla hajapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Na swali ni lilelile, "bro nimezidisha kilo 80 kwa bei 3000 mbona kioo chote kimejaa 808080?"

Iko hivi. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ukitumia input() kumuuliza mtu kitu, chochote utakachoandika kinaingia kama maandishi hata kama umeandika namba. Sasa ukiyazidisha maandishi kwa 3000 yenyewe inayarudia mara 3000 basi, unapata tarakimu 6000 badala ya laki mbili na arobaini, na erori hupati maana kwa Python hapo hujakosea kitu. Tena bora hiyo, inaonekana. Ya hatari ni kujumlisha, gunia la kilo 80 na lingine la kilo 75 zote umezichukua kwa input(), inakupa 8075 na mtu anaweza kuamini kabisa! Andika int(input("Kilo ngapi? ")) yaishe, int inageuza maandishi kuwa namba nzima, kama kuna pointi weka float badala yake. Ukiwa na wasiwasi na kitu print type() yake uone ni str (maandishi) au int, usikisie.

Hapo kwenye pointi napo kuna kesi. Jaribu 0.1 + 0.2 utaona 0.30000000000000004 na watu wanadhani simu imeharibika. Haijaharibika, kompyuta inatunza namba kwa 0 na 1 na hiyo 0.1 kwa mtindo huo haiishi, kama sisi tunavyogawa 1 kwa 3 tukapata 0.333 hadi kesho, kwahiyo inakata mahali na kipande kinabaki. JavaScript nayo hivyohivyo, usihame lugha kwa sababu hiyo. Mimi kwenye mambo ya mizani na hela natunza gramu na shilingi nzima, pointi naweka mwisho wakati wa kuonyesha tu.

Bila laptop inawezekana? Ndio, kuna app ya Pydroid 3 kwenye Android, ukishaishusha inaendesha Python hata bando likiisha. Lugha gani uanze nayo, Python, au JavaScript kama unataka tovuti, mabishano ya hapo mi siyawezi.

Halafu erori ya Python isomeni kuanzia chini jamani, mstari wa mwisho ndo unaotaja tatizo na juu yake kuna namba ya mstari uliokataa. Ukikwama nitumie huo mstari umeukopi pamoja na programu yenyewe, sio picha ya kioo iliyopigwa na simu nyingine juani pale Shangani, sioni kitu.