Kwa mama mwenye kijana wa darasa la 11: yaliyonikuta mimi na mdogo wangu tulipoomba vyuo vikubwa Marekani

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili. Kijana yuko darasa la 11 huko Ohio, alama zake A tupu, kaunsela wa shule anamwambia aombe chuo cha jamii cha miaka miwili, na baba yake kasikia kwamba tangu mahakama iamue, mtu mweusi hana chake tena kwenye vyuo vikubwa. Unauliza ajihangaishe au aache. Nitajibu kwa urefu, wakubwa mnisamehe, maana njia hii nimeipita mwenyewe, mdogo wangu kaipita baada yangu, na hatukutokea mlango mmoja.

Sisi ni watu wa Fizi, Kongo. Mimi nimezaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2002, na 2015 tukaletwa Lexington, Kentucky. Nilikuja na buletini (ripoti za alama) za Kifaransa ambazo hakuna mtu shuleni aliyejua kuzisoma. Wakanitia ESL, madarasa ya Kiingereza kwa wageni, nikakaa humo hadi darasa la 10, na hapo ndipo watoto wetu wengi wanapopotelea. Vyuo vikubwa havitazami A peke yake, vinatazama umeipata kwenye somo gani. Vinataka kuona umechukua masomo magumu kuliko yote yanayotolewa shuleni kwako, AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) na mfano wake, na ratiba ya ESL inakula vipindi hivyo kimyakimya. Mimi niliokolewa na hesabu, kwa sababu hesabu haidai Kiingereza kingi. Nilimganda mwalimu hadi akanipa mtihani wa kuruka darasa. Kwa hiyo la kwanza kabisa, mama, omba ratiba ya mwanao ya mwaka ujao uone ina masomo gani. Hiyo ndiyo karatasi ya kugombania sasa hivi, kabla hawajaifunga.

Sasa hili la mahakama. Baba hajadanganywa. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi mbili, ya Harvard na ya Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba chuo hakiruhusiwi kumwongezea mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake. Athari zilionekana kwa walioingia mwaka uliofuata: MIT wanafunzi weusi wakashuka hadi asilimia 5, Amherst wakatoka asilimia 11 wakawa 3. Yale wakabaki 14 vilevile, kwa hiyo si kila mahali paliporomoka. Na ndani ya hukumu ileile Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba hakuna kinachomkataza mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi chuo kimpime kwa aliyoyapitia na aliyoyafanya yeye binafsi.

Na kile kisanduku cha kutaja rangi yako kwenye fomu ya maombi, tuambiane ukweli, hakikuwekwa kwa ajili yetu tulioshuka ndege juzi. Mwaka 2004 maprofesa wawili weusi wa Harvard, Lani Guinier na Henry Louis Gates, walisema hadharani kwamba wengi wa wanafunzi weusi pale ni watu wa Karibi na Afrika au watoto wao, huku wale ambao mababu zao walikuwa watumwa hapahapa Marekani wakiwa wachache. Niliisoma habari hiyo nikiwa tayari chuoni, bwenini, jirani yangu akiwa kijana wa Alabama wa ukoo huo. Nilikosa la kumwambia. Tangu siku hiyo nikisikia Mwafrika mwenzangu anawasema Wamarekani weusi kwamba hawapendi shule, naondoka mezani.

Ila kinachowafungia nje watoto wetu, kwa nilivyoona, ni bei kabla ya rangi. Mtu anafungua ukurasa wa chuo, anaona zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, anafunga kompyuta. Mama, hiyo ni bei ya tajiri. Vyuo kama Princeton, Yale na Amherst vinakupokea bila kutazama mfuko wako, kisha vinakokotoa familia inaweza kutoa nini, na pengo lote vinalijaza vyenyewe. Baba yangu alikuwa kiwanda cha kuku, mama anasafisha hoteli, tuko saba ndani ya nyumba, na deni la tiketi za ndege la IOM, shirika la uhamiaji lililotukopesha nauli, lilikuwa bado linatukaba. Kwa kipato kile, chuo cha bei ya kutisha kilitutoka nafuu kuliko vyuo vya serikali vilivyonikubali. Niliposema hivyo kanisani walidhani naota.

Mlango wangu uliitwa QuestBridge. Ni mpango wa wanafunzi wenye alama za juu na kipato kidogo, unashirikiana na vyuo zaidi ya 50, na hauulizi uraia ilimradi unasoma sekondari Marekani. Maombi yanafungwa mwishoni mwa Septemba, Oktoba unaambiwa kama umefika fainali, unapanga vyuo kwa mpangilio wa unavyovipenda, tarehe 1 Desemba unaambiwa kama kuna kilichokuchukua. Kikikuchukua, miaka minne yote imelipwa. Lakini kwa vyuo vingi umefungwa hapo, huwezi kusema ngoja nifikirie, kwa hiyo usipange chuo ambacho hungetaka kuishi. Mimi nilichukuliwa tarehe 1 Desemba 2019 na chuo kidogo cha Massachusetts. Sikitaji, mtanijua.

Karatasi ndizo zitakazowatoa jasho. Mkimbizi ana haki ya kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, tafadhali msimsikilize anayesema ni ya raia tu. Vyuo vya binafsi vingi vinataka pia CSS Profile, fomu nyingine ya kueleza kipato, na kwa familia isiyozidi dola 100,000 kwa mwaka hiyo ni bure. Ada za maombi nazo zinasamehewa, lazima uombe. Kilichotuchelewesha sisi ni tarehe za kuzaliwa. Baba na mama, kwenye karatasi zao, wote wamezaliwa 1 Januari. Mtu wa ofisi ya misaada alipiga simu kuuliza kama tumekosea. Nikamwambia hapana bwana, ukifika kambini huna cheti, unaandikiwa 1 Januari, kwetu hiyo ni siku ya kuzaliwa ya mtaa mzima.

Mzee aliyetangulia kujibu hapo juu kashauri kijana aandike vita kwenye insha ya maombi, "awalize." Kwa heshima zote mzee wangu, mimi nilianza hivyohivyo. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa risasi, ziwa, mtumbwi. Mambo ya 1996, na mimi nimezaliwa 2002! Mwalimu wa Kiingereza aliisoma akaniuliza swali moja: wewe uko wapi humu? Sikuwamo.

Nikaandika habari nyingine. Nikiwa na miaka 13 mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa nyumba. Siku moja ikaja barua ya mwenye nyumba, nikaona neno la kuondoka, nikamwambia mama tunafukuzwa. Mama hakuuliza kitu. Ndani ya dakika arobaini masufuria yalikuwa kwenye viroba, wadogo wamevishwa viatu, hati zimefungwa kiunoni kwa kitenge. Tukakaa juu ya mizigo hadi asubuhi. Asubuhi akaja mtu na pampu ya dawa ya mende. Barua ilisema tutoke kwa muda wa saa nne tu, vyombo vya kabatini viondolewe. Insha yangu ilikuwa hiyo, maneno yasiyozidi 650: kwamba neno moja nililolikosea lilimrudisha mama yangu barabarani, na jinsi nilivyoanza kutembea na daftari la maneno ya barua za serikali, hadi majirani wakawa wanakuja kupanga foleni jioni. Vita imo, ila imo kwenye mikono ya mama anapofunga viroba.

Mdogo wangu wa kike aliomba msimu wa 2023, wa kwanza baada ya hukumu. Alama zake zilinizidi. QuestBridge alifika fainali, 1 Desemba hakuna chuo. Akaomba njia ya kawaida: saba wakamkataa, kimoja kikamweka kwenye orodha ya kusubiri. Ni rangi? Sijui, na yeye hataki kujadili. Harvard mwaka huo waliomba watu 54,008 wakakubaliwa 1,937, kwa hiyo usimruhusu mtoto aamini kwamba kukataliwa kule ni hukumu juu yake. Panga orodha yenye vyuo vya aina tatu, vigumu, vya kiasi na vya uhakika, na angalau viwili ambavyo angekwenda kwa furaha.

Yeye cha furaha kilikuwa Berea, mwendo wa chini ya saa moja kutoka nyumbani. Kilianzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa, baadaye kikasomesha weusi na weupe pamoja hadi sheria ya jimbo ya 1904 ilipokuja kuwatenganisha. Tangu 1892 hakuna mwanafunzi anayelipa ada ya masomo, ila kila mmoja anafanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Wa kwetu kapangiwa kufunga mafagio. Mama kacheka hadi kakaa chini: tumevuka bahari, mtoto anafunga fagio! Binti kamletea mama moja, na mama haruhusu mtu kulifagilia.

Kuhusu kaunsela wenu. Wangu naye alisema maneno hayohayo, chuo cha jamii, "tuwe na uhalisia." Alimwambia mama yangu kupitia mdomo wangu mimi, kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi. Nikamgeuzia mama: anasema ninaendelea vizuri. Mama akamshukuru, akampa mkono, tukaenda nyumbani, na wiki tatu nikabeba lile jambo peke yangu nikiwa karibu kulikubali. Shule inatakiwa kisheria kukutafutia mkalimani bila malipo. Piga simu kabla, sema unataka wa Kiswahili, na kijana wako siku hiyo akae kama mwanafunzi, asitafsiri hata neno moja. Uliza ratiba, uliza AP, uliza nani atamwandikia barua ya mapendekezo. Kisha rudi hapa utuambie wamejibu nini, na kama mnaishi karibu na Dayton nitakuelekeza kwa watu wa kwetu waliokwisha kujaza hizo fomu.