Kioo cha pili cha laptopu mezani: lijue tundu kabla ya kutoa pesa

Kazi yangu ni makaratasi ya forodha. Lori linatoka Durban au Dar es Salaam, linavuka Zambia, linaingia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Kabla halijafika huko, mimi hapa Katuba, Lubumbashi, nimeshapokea ankara yake. Ankara iko kwa Kiingereza, tamko la forodha linajazwa kwa Kifaransa, na katikati kuna jedwali la bei na uzito. Kwa miaka minne nilifanya yote hayo kwenye laptopu moja ya inchi 14. Nafungua ankara, nasoma, naifunga, naenda kuandika, namba imeshanitoka kichwani, nafungua tena. Siku moja niliandika uzito wa katoni 40 kwenye mstari usio wake, na lori likalala mpakani siku mbili. Mwenye mzigo hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaamua kutafuta kioo cha pili, yaani skrini ya ziada ya kuunganisha na laptopu.

Nilitaka kile cha kubebeka, chembamba kama daftari. Sababu ni umeme. Skrini kubwa ya mezani inataka umeme wa ukutani, na sisi Lubumbashi tunaijua delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu: inaweza kuchukua jioni nzima. Laptopu itaendelea kwa betri yake, skrini kubwa itazimika pale pale. Kioo cha kubebeka cha inchi 15.6 kinakula kama wati 8 hadi 12 hivi, kiasi ambacho hata pawabanki inakimudu. Mjini kwetu sifa hiyo moja inazidi sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Nilikinunua dukani katikati ya mji kwa dola 110. Nilimuuliza muuzaji kama kitafanya kazi na laptopu yangu. Akajibu, "Mama, ii inaingia ku mashini yote." Na kweli kiliingia. Waya wa USB-C ulikaa vizuri kwenye tundu, kioo kikawaka, alama ya kiwanda ikatokea, kisha maandishi kwamba hakuna picha inayofika, kisha giza. Nilirudia hadi usiku wa manane nikiamini nimeuziwa kibovu.

Hakikuwa kibovu. Tundu la USB-C ni umbo tu. Ndani yake kuna kazi tatu tofauti: kupitisha umeme, kupitisha mafaili, na kupitisha picha. Kiwanda cha laptopu kinaweza kuweka kazi mbili za kwanza na kuiacha ya tatu, na kwa nje matundu yanafanana kabisa. Laptopu yangu ilikuwa ya aina hiyo. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, geuza mashine yako uangalie pembeni ya tundu. Ukiona alama ndogo ya herufi D iliyobeba P, hiyo ni DisplayPort, picha inapita. Ukiona mshale wa radi wa Thunderbolt, inapita pia. Lakini radi nyingine huwa ni alama ya chaji tu, na mashine nyingi hazina alama yoyote. Dawa ni kuandika jina kamili la modeli, lile lililo tumboni mwa laptopu, kwenye tovuti ya kiwanda chake, na kusoma mstari wa USB-C. Kama neno DisplayPort halimo, usilitegemee tundu hilo kwa picha.

Mimi niliokolewa na HDMI, tundu jingine la picha. Laptopu nyingi za miaka ya nyuma zina tundu la HDMI la kawaida, na vingi vya vioo hivi vina HDMI ndogo, ile wanayoiita mini. Unahitaji waya wenye kichwa kikubwa upande mmoja na kichwa kidogo upande wa pili. Usiuchanganye na wa micro, ambao ni mdogo zaidi. Ukiulazimisha unavunja tundu. HDMI inaleta picha na sauti, lakini haileti umeme wa kuwasha kioo. Kwa hiyo waya unakuwa miwili: mmoja wa picha, mwingine wa USB wa umeme. Ndivyo ninavyofanya kazi mpaka leo, na picha haina upungufu wowote.

Na hata kama tundu lako linapitisha picha, waya wenyewe unaweza kukuangusha. Waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu mara nyingi ni wa umeme na mafaili tu. Ule uliokuja ndani ya boksi la kioo ndio wenye uwezo, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Ufunge kitu cha alama siku ile ile unapofungua boksi. Nyumbani kwangu ninazifunga waya za kioo kwa kipande cha kitenge chekundu, na watoto wanajua hazichaji simu.

Sasa pawabanki. Ukikiacha kioo kinyonye umeme kwenye laptopu, betri inaisha upesi. Chukua laptopu yenye betri ya wati-saa 41 inayotumia wati 10: peke yake itakaa saa nne. Ongeza kioo cha wati 8, haifiki saa mbili na nusu. Ndiyo maana kioo ninakipa chakula chake. Pawabanki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74. Sehemu inapotea njiani kwenye kugeuza umeme, na mimi napata saa sita, saba nikipunguza mwanga. Nazungumzia ile ya kweli. Sokoni zipo zilizoandikwa namba kubwa huku ndani hamna kitu. Pawabanki ya ukubwa huo ikiwa nyepesi kama kipande cha sabuni, irudishe. Dalili ya umeme mdogo ni hii: kioo kinawaka vizuri, ukiongeza mwanga au sauti kinapepesa na kuzimika. Wengi hapo wanakilaumu kioo, kumbe kina njaa.

Umeme ukirudi, subiri kidogo kabla ya kuchomeka. Unaweza kurudi kwa nguvu, na chaja ndiyo inayopigwa kwanza.

Kuhusu mipangilio nitakwenda haraka. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Étendre (kupanua), maana Dupliquer (kurudufu) itakuonyesha kitu kile kile mara mbili. Halafu kwenye mipangilio ya skrini buruta mchoro wa kioo cha pili upande ule ule ulikokiweka mezani, la sivyo mshale wa mausi utakwenda kushoto wakati kioo kiko kulia. Maandishi yakiwa madogo, weka asilimia 125. Ankara sasa inakaa kushoto, tamko kulia, na jicho ndilo linalosafiri.

Jumamosi kioo si changu. Mtoto wa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anakuja na PS4 yake, mashine ya gemu, na maneti mbili za kuchezea, na hapa nina ushauri kwa wazazi. PS4 ya kawaida inatoa picha ya 1080p (kipimo cha ukali wa picha), na kioo hiki ni cha 1080p, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Usiongeze pesa kwa ajili ya kioo cha hertz 144 (picha 144 kwa sekunde) kama mashine ya mtoto ni hiyo, kwa sababu haivuki 60. Spika za vioo hivi ni dhaifu, zote nilizosikia. Chomeka spika au hedifoni kwenye tundu la kioo, au hedifoni kwenye maneti yenyewe. Ila fahamu kwamba PS4 inataka umeme wa ukutani. Delestaji ikija, kioo kitabaki kinawaka kwa pawabanki na gemu litakuwa limekufa.

Mwenye Nintendo Switch, mashine ya gemu ya kubebeka, ana nafuu, kwa kuwa ina betri, lakini kuitoa picha nje ni habari nyingine. Inakubali ikiwa kwenye kituo chake au adapta, na ikilishwa chaja yenye nguvu, volti 15 na ampea 2.6 kama chaja yake ya asili. Chaja ya simu haitoshi. Na Switch Lite haitoi picha kabisa, kwa waya wowote. Mama mmoja wa mtaani alitaka kununua kioo kwa ajili ya Lite ya mwanawe; nilimzuia mlangoni, nafurahi nilimwahi. Kwa simu ni vilevile: iPhone kuanzia 15 na Samsung za daraja la juu zinatoa picha, nyingi za bei ya chini hazitoi hata zikiwa na USB-C.

Mwisho ni utunzaji. Kioo hiki hakina kifuniko kama laptopu, na kwenye teksi-basi mkoba unabanwa pande zote. Ninakiweka uso wake ukielekea mgongo wa laptopu, chaja na mausi mfuko mwingine. Jalada lake la sumaku linalokunjwa kuwa kigoda liliteleza mara mbili, nikamwomba seremala wa jirani anitengenezee kishikio cha mbao, kirefu kiasi kwamba ukingo wa juu wa kioo unafika usawa wa macho yangu. Maumivu ya shingo yalikwisha ndani ya wiki mbili. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali: pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo sana, kioo kikiwa kimezimwa, na usitumie manukato wala spiriti. Waya wa HDMI ndogo nao niliufunga kwenye kishikio hicho kwa uzi, ili mtu akiuvuta kwa mguu, uzi ndio ushike na si tundu.