Mimi naanzia mwisho, na nina sababu

Dada uliyeanzisha uzi umeuliza mambo matatu: tunasoma kitabu kimoja kimoja au vingi kwa mpigo, tunapenda karatasi au simu, na je kuna mtu humu anachungulia ukurasa wa mwisho kabla hajaanza. Hayo mawili watu wamejibu vizuri. Hilo la tatu naona wachunguliaji wametukanwa weee, mpaka kuna mmoja kasema watu wa hivyo wasiazimwe vitabu kabisa. Haya, mimi najitokeza. Mchunguliaji wa miaka mingi, na siachi.

Ila sikuanza kwa kupenda.

Nimekulia kambi ya polisi huku mashariki ya Uganda, kwenye vile vibanda vya mabati vya duara, vile tunaita mama ingia pole, manake mlango mfupi, usipoinama utajipiga paji la uso. Mchana ndani ni tanuri. Baba Mwacholi, jirani wa kulia Mteso, wa kushoto Mlugbara, kwa hiyo watoto tunacheza kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiswahili, na kuchapwa pia ni kwa Kiswahili. Vitabu vya hadithi hakuna. Kulikuwa na Biblia ya mama, na vitabu vya shule ambavyo mnakaa wanne mnasoma kimoja na wewe wa pembeni unaona nusu ya ukurasa.

Sasa pale getini kulikuwa na mama anauza karanga za kukaanga, mke wa askari pia, sisi tulimwita Mama Karanga tu. Anakunja karatasi kama pembe, anamimina kikombe kimoja kidogo, anafinya juu, shilingi 50. Karatasi ni madaftari ya watoto, magazeti, mitihani ya zamani, chochote kinachokunjika. Siku moja, nafikiri ilikuwa 1998, akapata kitabu. Hadithi ya Kiswahili, bila shaka kimevuka kutoka upande wa Kenya, jalada lilishang'oka zamani, na yeye anakichana kuanzia nyuma. Msiniulize kwa nini nyuma. Alikilaza kifudifudi kwenye ungo basi mkono unakutana na nyuma kwanza, ndo hivyo.

Dada yangu ndo aliona. Tulimaliza karanga, akakunjua karatasi arambe chumvi, mara akanyamaza. Halafu akanipa. Ile karatasi ilikuwa imekunywa mafuta mpaka maneno ya upande wa pili yanapenya, unasoma mstari na chini yake unaona mwingine unaogelea kinyumenyume, ukiinua kwenye jua ndo unachanganyikiwa kabisa, inabidi uilaze kwenye goti usome polepole. Na pale chini, herufi kubwa, MWISHO.

Yaani mwisho wa kile kitabu tuliula siku ya kwanza.

Tukamwendea Mama Karanga tukamwomba atupe kitabu. Akatuuliza, na karanga nitafungia nini, viganja vyenu? Mwisho tukapatana, tumchotee maji jerikeni mbili kila jioni, usiku kitabu kilale kwetu, asubuhi kabla ya shule kirudi kwenye ungo. Basi usiku sisi tunasoma kuanzia mbele kwa tadoba, ile taa ya kopo na utambi, dada anasoma kwa sauti mimi nashika taa, asubuhi ukipenga kamasi ni masizi matupu, na mafuta ya taa yalikuwa yanapimwa kwa hiyo tukifika kurasa kumi mama anasema zima. Mchana Mama Karanga anachana kuanzia nyuma. Sisi tunakuja, yeye anakuja. Nadhani hesabu yake mnaiona inakoelekea.

Tukitoka shule kazi ilikuwa kuzunguka kambi kuokota karatasi za karanga. Kuna nyingine tulizipata kwenye mtaro, kuna nyingine tulisubiri mtu amalize kutafuna. Namkumbuka afande mmoja wa zamu ya geti, mtu mkali, tulimkuta kakunjua ya kwake anaisoma huku karanga ziko kwenye kofia. Tukaogopa kuomba. Yeye ndo akatuita, nyie watoto, huyu mzee wa saa ni nani, kafanya nini? Ikabidi tumweleze mambo ya mbele, na yeye akatupa karatasi yake. Kuanzia siku hiyo akawa anatuwekea mfukoni.

Kwa hiyo wenzangu, kwetu ilikuwa usipousoma mwisho kwanza huusomi kabisa, manake mwisho ndo uliuzwa kwanza. Nimekua hivyo. Hata leo nikiokota kitabu cha mtumba pale Kampala kwenye vile vinavyotandazwa chini, mkono unaenda nyuma wenyewe, kwanza nijue kama ukurasa wa mwisho upo. Na nikishaufungua, banange, macho hayana breki.

Mnasema mtu akijua mwisho raha imekwisha. Mimi nawapa mfano mmoja. Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021 nilikuwa nimeshasoma riwaya yake Paradise kwa Kiingereza, kile cha 1994. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, Peponi, nikamwagiza mtu akaniletea kwa basi. Mwisho naujua, Yusuf anaishia wapi naujua. Kwa Kiingereza nilikuwa nakimbia nione huyu mtoto atachomoka vipi kwa tajiri ambaye baba yake kamweka rehani kwa deni (tulieni, hilo liko mwanzoni, sijaharibu kitu). Kwa Kiswahili sikuwa na haraka ya chochote. Nikaanza kusikia nani anamtania nani, nani anamnyenyekea nani, tajiri anazungumza vipi na wapagazi. Nilikuwa kwenye taksi, yale mabasi madogo ya abiria, natoka Mukono kwenda Kampala mjini, mimi hushuka Nakawa, kuja kushtuka tuko Lugogo, kondakta ananiangalia kama nimelewa saa moja asubuhi. Nikarudi kwa miguu kichwani nacheka.

Kuna utafiti pia, wa 2011, Chuo Kikuu cha California kule San Diego, watu walipewa hadithi fupi, wengine wakadokezwa mwisho mapema, na waliodokezwa ndo walifurahia zaidi. Wengine wamepima baadaye wakapata kinyume, kwa hiyo siwachapi nao. Nasema tu msituone wendawazimu.

Na kuna vitabu ambavyo mwisho wala si kitu. Wimbo wa Lawino kwa mfano, lile shairi refu. Okot p'Bitek, mshairi wetu wa Uganda, aliutunga kwa Kiacholi lakini cha Kiingereza ndo kilitangulia kutoka 1966, Kiacholi chenyewe kikaja 1969, Kiswahili kikafuata baadaye. Sasa pale utaficha nini? Mke analalamika mume wake Ocol anamdharau yeye na mambo ya kwao, hilo unalijua dakika ya kwanza. Mzee wangu hakuwa mtu wa vitabu lakini vipande vya Kiacholi alikuwa anavyo kichwani, akishakunywa kidogo anavitoa, mama anacheka mpaka anaweka mwiko chini. Mimi nakisoma kwa Kiswahili kila mwaka na kila mwaka nacheka palepale.

Haya turudi kwenye maswali yako mengine nisije nikaonekana nimekwepa.

Kimoja au vingi: viwili. Cha nyumbani cha karatasi na cha barabarani cha simu. Mukono hadi mjini ni kilomita ishirini na kidogo ila ukikutana na jamu ya Bweyogerere na Kireka unaweza kumaliza sura mbili bila gari kusogea. Simu haichukui nafasi, na mtu aliyebanwa kiti cha nyuma na gunia la mihogo kwenye miguu hawezi kufungua kitabu kikubwa. Lakini zile pdf za vitabu vya waandishi walio hai zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp sizipendi. Nimewahi kuzisoma, sidanganyi, zamani sina hela. Siku hizi naona haya.

Karatasi napenda zaidi, tena iliyotumika. Nyie mnaotaka kitabu kipya kinanukia gundi, sawa, mimi nipe kile kimepitia mikono ya watu. Kiswahili hapa Kampala madukani ni shida, utakuta kamusi, vitabu vya kufundishia, na riwaya mbili tatu zimesimama kama zimekosea njia. Tangu baraza la mawaziri lipitishe 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, vya shule vimeongezeka kidogo, vya kusoma kwa raha bado. Kwa hiyo mimi nikienda Busia lazima nivuke mpaka. Wakenya wakibadilisha vitabu vyao vya mtihani wa sekondari, vile vya zamani vinashuka bei vibaya sana, na pembeni mwanafunzi kajaza penseli, kinaya, jazanda, hapa maudhui ya usaliti, halafu sura ya tano kaandika MWALIMU AMESEMA HAPA LAZIMA ITATOKA. Sura ya sita kachora boda boda. Mimi nasoma riwaya na huyo mtoto kwa pamoja.

Kuacha kitabu katikati: naacha bila haya. Kuazima: nimeacha. Nina watu wana vitabu vyangu tangu kabla ya korona na tunasalimiana vizuri tu.

Sasa nimalizie lile la kambini, manake kwa kweli ndo lililonitoa kwenye usomaji wa kimyakimya leo nikaandika.

Usiku wa sita tulikuwa tumefika ukurasa wa 60. Mama Karanga alikuwa ameshachana mpaka wa 89, na hizo za kwake tulikuwa tumeokota nyingi kuliko zilizopotea, tunazo kwenye boksi la viatu. Siku mbili tatu tungekutana. Tukarudi kutoka shule siku hiyo tukakuta lori mbele ya nyumba, vitanda vimeshapanda, mama anafunga kuku miguu. Transfa. Baba kapelekwa Arua, na lori la serikali halisubiri mtu. Dada akakimbia getini, Mama Karanga hayupo, kaenda soko, na ungo kaondoka nao.

Boksi la viatu dada bado analo. Mwanzo ninao na mwisho ninao, mpaka leo naweza kukusomea bila kuangalia. Ninachokosa ni kuanzia 61 hadi 88, na nimekitafuta Busia, nimekitafuta Nairobi, na bila jina utamwambia nini muuzaji.

Kwa hiyo naomba wazee wa vitabu humu mnisaidie. Kinaanza na mzee anauza saa yake ya mkono kwenye stesheni ya treni, anamuuzia kijana ambaye hataki hata kuulizwa jina. Kuna mvua nyingi. Kuna binti wa mpishi anaitwa Zawadi, kufikia ukurasa wa 60 kagombana na kila mtu. Ukurasa wa mwisho ile saa iko mkononi kwa Zawadi, inakwenda, na mzee anaiangalia anasema wewe ndo ulikuwa unaichelewesha. Mimi na dada tumebishana miaka zaidi ya ishirini saa ilifikaje kwake. Yeye anasema aliiba. Mimi nasema kijana alimpa.

Mwenye nacho anipigie picha kurasa hizo tu, bando nalipa mimi. Ukikosa muda wa zote, anzia na 88.