Kuunda mfano wa merikebu iliyozama: nilivyofanya na Santo António de Tanná

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu: uanze na meli gani, uchukue skeli gani (yaani mfano uwe mdogo mara ngapi kuliko meli halisi), na ufanye nini pale ambapo huna mchoro kamili kwa kuwa meli yenyewe ilizama na kilichobaki ni vipande. Mawili ya kwanza nitayajibu upesi. Hilo la tatu limenila miaka minne, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Meli niliyounda ni Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, Oktoba 1697. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Maji yale niliogelea utoto wangu wote, na nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba chini yake imelala merikebu. Nilipojua sikupata usingizi mpaka nilipoanza kuichora.

Kisa chake kwa ufupi, maana kinaingia katika kazi yenyewe. Ilijengwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, kwa mbao za msaji. Wakati ule Waarabu wa Oman walikuwa wameizingira ngome hiyo ya Wareno tangu Machi 1696, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Merikebu hii ilikuja na misaada kutoka Goa, ikaenda Msumbiji, kisha 1697 ikarudi Mombasa. Ikafungwa chini ya ngome, kamba zikaachia, ikapanda mwamba na kupoteza usukani. Mwisho ikazama mbele ya kuta zile zile ilizokuja kuziokoa. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia wa baharini wakiongozwa na Robin Piercy, kwa kushirikiana na makumbusho ya Fort Jesus, waliifukua chini ya maji, wakaupima mwili wake ubao kwa ubao, wakatoa vyombo na vifaa vilivyokuwemo. Mbao za mwili hawakuzitoa. Walizifunika tena kwa mchanga ili zisioze, na hadi leo zimelala pale.

Sasa fikiria wewe umekaa mezani na michoro ya vipimo vyao. Una sehemu ya chini ya merikebu: mkuku (uti wa mgongo wa meli), mataruma (mbavu zinazosimama juu yake), mbao za ubavu kiasi. Sehemu iliyozama ndani ya mchanga ndiyo iliyopona, kwa sababu mchanga hauingizi hewa na wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao hawafiki. Kila kilichokuwa juu ya mchanga kimeliwa. Sitaha ya juu hakuna, shetri (sehemu iliyoinuka nyuma) hakuna, milingoti hakuna. Yaani mtu anayeitazama meli yako mezani ataanza kuangalia juu, na huko juu ndiko ambako huna ushahidi.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote: kabla hujakata hata kipande kimoja, amua unaunda meli ya siku gani. Ya siku iliposhushwa majini ikiwa mpya? Ya siku ilipozama? Au kama ilivyo leo, imelala chini ya maji na mbao zake zimefunguka? Hizo ni meli tatu tofauti. Mimi mwaka wa kwanza sikuamua, nikawa nachanganya, na nikapoteza miezi. Baadaye nilichagua siku zile za mwisho, ikiwa imefungwa chini ya ngome, matanga yamefungwa kwenye foromali, ile miti ya kushikia tanga. Uamuzi huo peke yake ulinipunguzia kazi ya kushona matanga na ukanipa sababu ya kila kamba ninayofunga.

Ushauri wa pili: tenganisha unachojua na unachokisia, na mtazamaji aone tofauti kwa macho yake. Mimi sehemu zote ambazo wapiga mbizi walizipima nimezitia rangi nyeusi ya kahawia. Sehemu ambazo nimezikisia kwa kufuata merikebu nyingine za zama zile nimeziacha mbao nyeupe, bila rangi. Watu wengi wakiiona huuliza kama sijaimaliza. Nawaambia imekwisha, pale palipo peupe bahari haikutuachia kitu. Najua wapo humu jukwaani wanaopenda meli iliyopambwa mwanzo hadi mwisho, yenye dhahabu na mizinga inayong'aa, na kazi zao nazipenda. Lakini kwa meli iliyozama, kupaka rangi moja juu ya ukweli na juu ya dhana ni kumdanganya mtoto atakayeitazama miaka hamsini ijayo akaamini yote.

Tukija kwenye kazi yenyewe. Michoro ya mabaki haikupi umbo la meli moja kwa moja. Meli ikilala chini miaka mia tatu mataruma yanafunguka, ubavu unalala, mkuku unaweza kupinda. Ukiinakili vile ilivyo utapata sinia. Njia niliyoifuata ilifanywa maarufu na J. Richard Steffy, Mmarekani aliyekuwa fundi umeme na kuunda mifano ya meli nyumbani kwake, mpaka wanaakiolojia wakamkabidhi mabaki ya meli ya kale ya Wagiriki iliyopatikana karibu na Kyrenia, Cyprus. Aliiunganisha upya kipande kwa kipande. Yeye alikuwa akitumia mfano kama chombo cha kuuliza maswali: unakata, unajaribu, mbao zinakujibu.

Kwa vitendo ni hivi. Kata mataruma ya karatasi ngumu kwanza, usikate mbao. Yasimamishe juu ya mkuku, yafunge kwa pini tu. Kisha chukua ufito mwembamba unaopindika vizuri, uulaze kutoka omo (mbele ya meli) hadi tezi (nyuma yake) ukipita juu ya mataruma yote. Ufito hausemi uongo. Pale unapoacha nafasi, taruma lako ni dogo mno. Pale unapobenuka, ni kubwa mno. Unapunguza, unaongeza kipande cha karatasi, unaulaza tena ufito. Mimi nilikata mataruma ya karatasi mara tano kabla sijagusa mbao, na kama ningekuwa na subira zaidi ningefanya mara ya sita.

Nasema hivyo kwa sababu nilipomaliza mataruma ya mbao niliibeba kwa mzee mmoja, fundi wa majahazi maisha yake yote. Ni jirani yetu, namwita ami. Hakuitazama. Alivua miwani, akaishika mapajani, akapitisha kidole gumba polepole kutoka omo kuja nyuma, upande wa kushoto. Kidole kikasimama karibu na tezi.

"Ami, kuna kasoro?"

"Ipo, mwanangu. Hapa maji yatajikwaa."

Nilipima nyumbani. Taruma la tatu kutoka nyuma lilikuwa limezidi milimita mbili upande huo. Milimita mbili kwa skeli yangu ni karibu sentimita 15 kwenye merikebu halisi. Nikalivunja nikalikata upya.

Usidhani makosa ya namna hiyo ni ya sisi wa mezani tu. Vasa, ile merikebu ya mfalme wa Sweden iliyopinduka Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na ikainuliwa 1961, haiko sawa pande zake mbili. Ndani yake zilikutwa rula nne za mafundi: mbili za futi ya Kiswidi yenye inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Kwa hiyo tumia rula moja tangu mwanzo hadi mwisho, na iandike jina lako watoto wasiichukue.

Vasa hiyo hiyo ndiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Kama hujawahi kuunda meli yoyote, usianze na mabaki. Anza na meli ambayo mwili wake upo karibu wote, na Vasa ndiyo bora maana imesimama makumbushoni Stockholm, imepimwa kila pembe, na michoro yake inapatikana. Skeli: 1:72 kama una chumba kimoja kama mimi. Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 24 hivi, ubao wa upana wa sentimita 30 unakuwa milimita 4, kamba ya unene wa sentimita 6 inakuwa chini kidogo ya milimita moja. 1:48 ni rahisi zaidi kwa macho na vidole, ila Vasa yenye mita 69 pamoja na dasturi (mlingoti unaochomoza mbele) itakutaka meza ya karibu mita moja na nusu.

Mbao. Kwa kuwa merikebu yangu ilikuwa ya msaji, nilitamani sana kutumia msaji. Nikapata kipande cha mlango wa zamani, nikakipasua vijiti. Nyuzi za msaji ni nene. Kwenye ubao wa milimita 4 zinaonekana kama mkeka, na skeli yote inakufa. Nimeutumia kwa kitako peke yake. Mwili wote nimeufanya kwa mndimu, mti ambao watu huukata uani na kuuchoma bure. Nyuzi zake zimebana, haupasuki ovyo, na ukilowekwa kwenye maji ya moto dakika kumi na tano unapindika juu ya bomba la moto kama mkanda. Rangi nyeusi nimeipata kwa kupaka chai ya rangi iliyokolea, ikikauka napaka siki niliyolaza misumari yenye kutu kwa wiki moja. Mbao inabadilika mbele ya macho yako. Jaribu kwenye kipande cha taka kwanza, maana haifutiki.

Sasa kosa langu kubwa. Nilipigilia mbao za ubavu mwezi wa Mei, masika yamekolea, hewa ya Mombasa imejaa maji na mbao zimevimba bila mimi kujua. Zilikaa pamoja vizuri mno. Januari, katika jua kali la kaskazi, nikaamka asubuhi nikakuta nyufa kuanzia omo hadi katikati, nyingine zinapitisha ukucha. Sikulia, lakini sikuigusa kwa wiki tatu. Nilizitoa mbao kumi na nane. Tangu hapo mbao zote nikishazipasua nazilaza chumbani juu ya kabati mwaka mzima, zipite masika na kaskazi, ndipo nazitumia. Ukiwa Nairobi au bara utaona tofauti ndogo zaidi, lakini mfano uliojengwa pwani ukipelekwa bara utakauka vile vile.

Kamba usinunue. Chukua uzi wa pamba, sokota nyuzi tatu kwa drili ya mkono upande mmoja, kisha ziache zijisokote zenyewe upande wa pili, halafu pitisha kwenye nta ya nyuki. Nta inalaza manyoya ya uzi na kamba inaninginia kwa uzito kama kamba ya kweli. Mizinga niliimimina kwa risasi ya chubwi za wavuvi. Kama utafanya hivyo, yeyusha nje penye upepo, usitumie sufuria ya jikoni, na watoto wasiwe karibu, maana moshi wake ni sumu.

Kwa sehemu za juu nilitembelea Fort Jesus mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vitu vilivyotolewa kwenye merikebu viko makumbushoni, na kuna ukuta mmoja ambao askari wa Kireno waliuchora merikebu kwa mkaa na udongo mwekundu. Ni michoro ya mtu aliyekaa zamu bila kazi, na ni ya zamani kuliko merikebu yetu, lakini yule mchoraji alikuwa anaziona kila siku. Niliinakili kwa penseli namna kamba zinavyoshuka kutoka mlingotini. Pia tafuta ripoti za Piercy za miaka ile na tasnifu ya Chuo Kikuu cha Texas A&M iliyojaribu kulirudisha umbo la mwili wa merikebu hii; bila hizo nisingefika.

Umedokeza pia kwamba una rafiki mpiga mbizi anayeweza kukuletea "kipande cha kumbukumbu" kutoka meli nyingine iliyozama. Tafadhali mwambie asifanye. Sheria ya urithi wa taifa inakataza, na mbao iliyokaa majini karne nyingi ikitolewa na kuachwa ikauke inasinyaa na kupasuka vipande. Vasa ilinyunyiziwa dawa miaka 17 mfululizo ili isifike huko. Wewe nyumbani una ndoo.

Ukishasimamisha mataruma ya karatasi, piga picha tatu: kutoka omo, kutoka tezi, na moja ya ubavu ufito ukiwa umelazwa juu yake. Zitume hapa hapa kabla hujakata mbao, nitaziangalia na nitampelekea ami pia.