Nisimame kikaoni nitangaze mapenzi yangu kama yule binti wa tamthilia?

Binti yangu wa Kirumba,

Barua yako ya kurasa nne nimeisoma mara tatu, na kabla sijakujibu naomba niwaeleze wasomaji wengine kwa ufupi ulichoniandikia, ili nao wapate kufuata. Una miaka 27, unamsaidia mama yako kuuza dagaa katika soko la Mwaloni jijini Mwanza, na kwa miaka miwili sasa unampenda kijana mvuvi wa Ukerewe, ambaye mlifahamiana alipokuwa akileta pale sokoni magunia ya tajiri wake. Mama yako hamtaki. Amesema kwamba mvuvi hana kwao, kwamba fedha yake hailali, na kwamba hatamtoa mtoto wake kwa "mtu wa majini". Baba yako alikwisha kufariki, na baba yako mdogo aliyeko Magu, ambaye ndiye msemaji wa familia, anamtaka mwalimu mmoja ambaye wewe umemwona mara mbili tu.

Kisha ikaja ile jioni uliyokaa na mama sebuleni mkitazama tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Binti wa nyumba ya kitajiri akasimama mezani mbele ya baba, babu na wajomba zake wote, akasema kwamba anampenda mtoto wa fundi na kwamba hataolewa na mwingine. Mama yako akafuta machozi kwa pindo la kanga akasema, "Mwacheni mtoto wa watu aolewe na anayempenda." Wewe ukanyamaza, ukaenda jikoni, na usiku ule ule ukaamua kwamba ndugu watakapokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kupanga harusi ya kaka yako, nawe utasimama useme kama alivyosema yule binti. Unaniuliza ufanye hivyo au usifanye.

Useme, mwanangu, maana mapenzi ya miaka miwili hayafichiki milele na wala si kosa la kufichwa. Lakini usiseme katika kikao hicho, na usiseme peke yako.

Naanza na machozi ya mama, kwa kuwa umeandika kwa uchungu kwamba mama ni mnafiki, na hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu anapotazama tamthilia hana mtoto wa kumpoteza. Kwa muda ule mfupi mama yako hakuwa mjane mwenye watoto wa kuoza na shemeji wa kumsikiliza. Alikuwa mwanamke tu, na moyo wake ukaona haki iko upande gani, ukaitamka kwa sauti mbele yako. Ungekuwa na mama aliyeangalia tukio lile kwa macho makavu akasema binti yule hana adabu, hapo ningekuwa na wasiwasi zaidi. Neno alilolisema usilitumie kumsuta. Usimwambie, "Mbona wa kwenye televisheni ulimwonea huruma?" Liweke akibani, kwa sababu nitakuonyesha mahali pa kulitumia.

Sasa kuhusu lile tukio lenyewe. Tamthilia za Kituruki huko kwao kwa kawaida huonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja huweza kuzidi saa mbili. Zinapouzwa nchi nyingine hukatwa vipande vifupi ili zionyeshwe kila siku. Mkataji hutafuta mahali pa kukatia, na hakuna mahali panapomfaa kuliko pale binti anapomaliza kusema "nampenda", sura ya baba ikasogezwa karibu na muziki ukapanda. Kesho yake saa ile ile mnarudi kuketi, na mara nyingi mnakuta hadithi imehamia chumba kingine. Usiku uliofuata maneno yale hamkuonyeshwa. Kwenu Kirumba usiku huo hautakatwa na mtu. Mtalala nyumba moja, na alfajiri mtatakiwa kwenda Mwaloni pamoja, mketi nyuma ya magunia yale yale, mkipimia wateja huku hamsemezani, na wateja wenu wa Kongo na wa Zambia watajua kuna jambo kabla hata hamjafungua kinywa.

Tena mwandishi wa tamthilia anahitaji mama wa binti akatae, na akatae sana, kwani siku atakayokubali hadithi itakuwa imekwisha. Ndiyo maana humnyima mama yule karibu kila kitu ambacho sisi tunacho. Hana wifi wa kukaa naye jioni wakazungumza, hana jirani aliyemwona binti akikua, na hakuna anayemtuma mshenga wala kuleta barua ya posa. Watu hawana njia nyingine ya kusema isipokuwa kulipuka mezani. Kwetu njia zipo, na zimewekwa hivyo kwa sababu nzuri: zinampa aliyekataa nafasi ya kubadili neno lake bila kudhalilika. Ukisimama kikaoni, baba yako mdogo atalazimika kukujibu pale pale mbele ya wazee, na akikwisha kusema hapana mbele yao, hata moyo wake ukilainika baada ya miezi mitatu hatapata pa kurudi nyuma. Kaka yako naye, ambaye wageni wamekuja kumchangia, atajikuta kikao cha michango kimegeuka kesi ya dada yake. Sidhani kama anastahili hilo.

Lakini si hayo yaliyonifanya niisome barua yako mara tatu. Katika kurasa nne umenieleza jinsi kijana huyo anavyocheka, jinsi anavyokutumia vocha hata siku ambazo hakupata kitu, na jinsi alivyokuvulia koti lake siku mvua ilipowakuta Mwaloni dagaa wakiwa wameanikwa, akaingia kuwakusanya pamoja nawe hadi wa mwisho. Nimempenda kwa hilo la dagaa, nakiri. Hata hivyo nimetafuta sentensi moja ambamo yeye mwenyewe anasema anataka kukuoa, na sijaiona. Umeandika "najua ananipenda". Umeandika "tunaelewana bila kuambiana". Kwenye tamthilia ile, kwa maelezo yako mwenyewe, kijana alikuwa amesimama mlangoni wakati binti anasema, na alikuwa amekwisha kwenda kwa babu yake binti siku mbili nyuma akafukuzwa. Kwa hiyo binti alikuwa anaunga mkono neno lililokwisha kusemwa. Wewe Jumamosi hiyo utasimama mbele ya ukoo, na mwenzako atakuwa kambini kisiwani anashona nyavu, hajui kwamba jina lake linatajwa. Baba mdogo atakuuliza swali moja tu: "Huyo kijana amesema nini?" Utamjibu nini, mwanangu?

Sisemi kwamba hakupendi. Yawezekana ananyamaza kwa sababu anajua mama yako anavyowaona wavuvi, na mtu anayejua amedharauliwa huona haya kubisha hodi. Lakini huwezi kubeba ungamo la watu wawili kwa kinywa kimoja, hasa mbele ya watu wanaotafuta sababu ya kukataa.

Na sasa mama. Katika ukurasa wa tatu, kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja jambo la kupita, umeandika kwamba mjomba wako alifia katika MV Bukoba na kwamba mama huenda makaburini Igoma kila mwaka. Binti yangu, mstari huo ndio barua yako yote. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mji mzima ulikuwa ufukweni ukisubiri miili. Wewe hukuwa umezaliwa. Mama yako alikuwa msichana wa rika lako hivi, na aliyekuwa anasubiriwa ni kaka yake. Ilipozama MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, huko huko Ukerewe anakotoka huyo kijana, wewe ulikuwa mtu mzima. Jikumbushe siku zile mama alikuwa katika hali gani. Alikula? Alizima redio? Mama hajawahi kukuambia kwamba analiogopa ziwa, kwa kuwa ni ziwa hilo hilo linalowalisha, na kila asubuhi anapokea magunia yaliyovuka maji. Amekuambia tu kwamba mvuvi hana kwao. Aliposema "mtu wa majini" wewe ulisikia tusi. Mimi nilisikia jina la kaka yake.

Huenda nimekosea, kwani sikuwapo. Njia ya kujua ni kumwuliza. Jioni moja tamthilia inapokwisha, mkiwa wawili, mwulize kwa upole: "Mama, ungekuwa wewe ndiye mama wa yule binti, ungemjibu nini?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo neno lake la siku ile linapofaa, kwa sababu utakuwa unamwomba alifikirie. Akijibu kwa hasira, usibishane. Akitaja ziwa, mwache azungumze mpaka amalize, na ikibidi umwombe mwaka huu akuchukue mwende Igoma pamoja. Mapenzi yako kwa kijana yule yanaweza kusubiri jioni nyingine.

Suala la fedha kutolala nalo ulijibu kwa heshima, usilichukulie kama dharau. Mama yako amekaa Mwaloni miaka mingi na anajua vizuri kuliko mimi na wewe jinsi kazi ya dagaa ilivyo: giza likiwa zito taa zinawaka ziwani na fedha inaonekana, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inavutwa nchi kavu na mfuko unakauka. Mzazi anayeuliza mkwe wake ataishije katika siku za mbalamwezi anauliza jambo la haki, na kijana anapaswa kuwa na jibu, kama ni akiba, kama ni shamba la mihogo kwao Ukerewe, kama ni mpango wa kuacha kuvulia wengine awe na nyavu zake.

Mimi nami baba yangu alimkataa mume wangu, kwa sababu ya dhehebu, kwa mwaka mmoja na zaidi. Nililia, nikasusa chakula, nikaandika barua ambazo leo nashukuru sikuzituma. Aliyemlainisha ni shangazi yangu. Alikuwa akija jioni, anaketi na baba barazani akichambua mchele kwenye ungo, anataja jina la kijana yule mara moja tu, kisha anageuza mazungumzo kwenye mvua na ng'ombe. Kila jioni mara moja. Baba alipokuja kukubali aliamini kwamba wazo lilikuwa lake. Katika barua yako umetaja dada wa baba yako anayeishi Nyakato. Nenda kwake kabla ya Jumamosi hiyo, umweleze yote, na umwombe pia amfikishie baba mdogo kwamba humtaki yule mwalimu, ili naye, ambaye hana kosa lolote, asiendelee kuhesabu siku bure.

Nikuambie na jambo moja la sheria, kusudi usiishi kama mtu aliyefungiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari, na kwa umri wako hakuna wa kukuoza usipotaka, wala huhitaji kibali cha baba mdogo ili kuolewa. Watu wawili wanaotaka kuoana hutoa taarifa ya nia yao siku 21 kabla, na kutolipwa kwa mahari peke yake hakubatilishi ndoa. Bomani pako wazi. Nakueleza haya ili uende kwa mama ukiwa umetulia, maana mtu anayejua kwamba ana pa kutokea hazungumzi kwa kupayuka. Sikushauri uanzie huko, na kutoroka usiku kwa mtumbwi, kama ulivyodokeza mwishoni mwa barua, naomba ukusahau kabisa: hakuna jambo ambalo lingemthibitishia mama yako hofu yake kuliko hilo.

Basi hatua ya kwanza ni yake, kijana. Siku za mbalamwezi atakapokuwa hana kazi, mpigie simu umwambie avuke kwa meli ya Nansio aje Mwanza, mkutane mchana, mahali pa wazi, na umwulize waziwazi kama anataka kukuoa. Usimsaidie kujibu. Akisema ndiyo, mwambie atafute mshenga, mzee wa kwao au tajiri wake kama ni mtu anayeheshimika Mwaloni, na barua ya posa ipitie kwa shangazi wa Nyakato kabla ya kufika Magu. Akianza kusema mambo ya subira na ya kuona kwanza msimu utakuwaje, utakuwa umejua jambo ambalo ni afadhali ulijue mkiwa wawili kando ya ziwa kuliko mbele ya ukoo mzima.

Kisha uniandikie tena. Safari hii nisingependa kusoma unavyojua anavyojisikia. Niandikie maneno yake, kama alivyoyatamka.

Ni mimi, Shangazi yako.