Jengo la wauguzi linalofuata maumbile: anzeni na kivuli

Ndugu, umeuliza namna ya kuchora jengo moja la ofisi za wahudumu wa afya na madarasa ya wauguzi, lenye "asili ndani yake", na mchoraji wenu amependekeza majani ya plastiki ukutani na kidimbwi mlangoni. Nimekuwa muuguzi, kisha mkufunzi, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa miaka 19. Nakuomba uyatoe yote mawili. Kidimbwi kikikosa mtunzaji mwezi mmoja tu, mmeshafuga mbu.

Chuo nilichoanzia kufundisha kilipata jengo jipya, na ili lijengwe ukakatwa mwembe tuliokuwa tukifundishia chini yake. Madirisha makubwa ya vioo yalitazama magharibi, dari liko chini, mabati juu yake. Ikifika saa tisa alasiri chumba kilikuwa tanuri. Wanafunzi waliotoka zamu ya usiku walisinzia, na mimi mwenyewe kichwa kiliniuma. Mvua ikinyesha, somo lilisimama kwa kelele za bati. Mwishowe tulirudi nje kwenye kivuli cha ukuta, tukibeba mikononi mwanasesere wa kufundishia kuzalisha. Niliulilia mti ule, sikufichi.

Huku karibu na ikweta jua huchoma mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Basi jengo liwe refu na jembamba, ncha zake zitazame pande hizo mbili, madirisha yawe kaskazini na kusini, na paa litokeze mbele kufanya baraza pana. Wembamba ndio unaoruhusu upepo uingie huku utokee kule, na penye wagonjwa wa TB upepo huo ni kinga ya muuguzi. Juu karibu na paa wekeni matundu ya hewa yenye wavu, maana hewa ya moto hupanda. Bila wavu popo watahamia. Msanifu majengo Mick Pearce alipochora jengo la Eastgate kule Harare, Zimbabwe, lililokamilika 1996, alijifunza kwa vichuguu namna ya kupitisha hewa, na sisi vichuguu tunavyo uani.

Kama mnaweza, nendeni Entebbe mkaione hospitali ya upasuaji wa watoto ya EMERGENCY, shirika la tiba la Italia, iliyofunguliwa 2021. Msanifu majengo Renzo Piano na wenzake walijenga kuta nene kwa udongo wa kiwanja chenyewe, ulioshindiliwa. Ukuta wa namna hiyo haupati joto upesi. Lakini vyumba vya kutibia, kama mtakuwa navyo, viwe na kuta na sakafu laini za kuoshwa kwa dawa. Hapo msibembelezwe na urembo.

Chumba cha wahudumu ndicho kinachonichoma zaidi. Mara nyingi hupewa stoo isiyo na dirisha. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 wa Marekani waliotolewa kibofu cha nyongo: walioona miti dirishani walitoka hospitali mapema na walihitaji dawa chache zaidi kali za maumivu kuliko walioona ukuta wa matofali. Kama mti humsaidia mgonjwa, aliyesimama zamu nzima akimhudumia naye anyimwe kwa nini? Mpeni dirisha linalotazama miti, na benchi nje ambapo hatafuatwa na ndugu wa wagonjwa.

Niandikie vipimo vya kiwanja, na miti gani imesimama hapo sasa. Shoka lisubiri kwanza.